Piga, Shika, Achia

Kwa siku tisa mume wangu aliniambia maneno matatu tu: piga, shika, achia. Na hata hayo hakuniambia kwa kupenda. Yeye alikuwa amelala chini ya gari, mimi niko juu kwenye kiti cha dereva, mguu wangu kwenye klachi, na kazi ile haifanyiki bila watu wawili. Kama angepata njia ya kuifanya peke yake, ningekaa siku tisa bila kusikia sauti yake kabisa. Yaliyobaki yote aliiambia spana.

Mimi ni Kasiva, lakini hapa Mwingi watu wananiita Mama Mutindi, na mafundi wenye utani wananiita Mguu. Mume wangu ni Mutie, fundi wa magari. Gereji yetu iko nyuma ya barabara ya Garissa, mabati manne juu ya nguzo za chuma, benchi moja, na vyuma vya magari ambayo wenyewe walishakufa. Nilifika hapo mwaka wa tisini na sita, nikiwa bibi harusi wa wiki mbili, nimembebea chakula cha mchana, muthokoi wa mahindi na maharagwe. Nikamkuta amelala chini ya lori akiita, "Piga. Wee, piga," na juu hakuna mtu, maana aliyekuwa anamsaidia alikuwa ameenda kununua sigara na hakurudi. Mutie akaona viatu vyangu kwa chini. "Wewe mwenye viatu vyeupe," akasema, "panda hapo juu ukanyage klachi." Hakujua ni mimi. Nikapanda. Muthokoi ukapoa, viatu vikaharibika, na tangu siku ile sijashuka kwenye kiti hicho, ukiondoa mara tatu nilizoenda kujifungua.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana wateja wetu wengi hawaijui na wanajifanya wanaijua. Ukikanyaga klachi, kuna silinda ndogo mbele ya mguu wako, tunaiita masta, inayosukuma oili ya breki ndani ya paipu. Oili inashuka mpaka silinda nyingine kule chini, kando ya giaboksi, nayo inasukuma kifimbo kinachoachanisha injini na gia. Basi. Upepo ukiingia mle ndani, unakanyaga na hakuna kinachosukumwa, na gia zinalia hadi watu wa kioski wanatoka kuangalia. Kwa hivyo mmoja anakanyaga mara kadhaa, anashikilia pedali chini, mwenzake anafungua kijiskrubu kwenye silinda ya chini upepo utoke, anafunga, kisha pedali inaachiwa irudi. Piga, shika, achia. Mnarudia mpaka itoke oili tupu. Ni kazi ya dakika ishirini.

Pikapu ya Abukar ilikuwa imetumaliza siku tano.

Abukar ni mfanyabiashara wa mbuzi. Ananunua vijijini, Nguni na Ukasi, anapakia kwenye pikapu na kuleta sokoni, na amekuwa mteja wetu tangu alipohamia Mwingi miaka kumi na saba iliyopita. Wateja wengine walituacha mmoja mmoja, wakaenda kwa zile gereji mpya zenye vijana wenye ovaroli safi na kompyuta. Abukar hakwenda. Akienda yeye, tutabaki na pikipiki na mikokoteni. Nilijua hivyo, na Mutie alijua hivyo, na hatukuweza kulizungumza kwa sababu hatukuwa tunazungumza.

Sasa nieleze ugomvi. Macho ya Mutie yamekuwa yakififia kwa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili amekuwa akilaumu kila kitu isipokuwa macho. Taa ni mbaya. Vumbi ni jingi. Siku hizi wanaandika namba za spana kwa maandishi madogo. Yeye hasomi tena namba, anapapasa spana kwa kidole gumba kama mama anayechagua nyanya. Mwezi uliopita alinigombeza kwa nini sijapangusa kioo cha mbele cha gari fulani, na kioo chenyewe hakikuwepo, tulikuwa tumekitoa asubuhi tukiwa wote wawili. Nilicheka siku hiyo. Usiku sikulala.

Jumapili ile kabla pikapu haijaletwa, madaktari wa macho walikuja kanisani kwetu kupima watu. Nikamburuta. Daktari, msichana mdogo mpole, akamwangalia kwa tochi yake na kusema ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwamba ni kitu cha kutolewa, wataanza na jicho moja, na basi la kuwapeleka wagonjwa hospitali Kitui litatoka kanisani Alhamisi ya wiki inayofuata. Mutie akasema asante, atafikiria. Akatoka nje. Namjua huyo mtu. Kufikiria kwake ni kusubiri basi liondoke. Basi nikachukua kalamu nikamwandikisha mwenyewe, jina lake na namba yangu ya simu.

Nilichosahau ni kwamba mchungaji husoma majina. Mwisho wa ibada akasimama na karatasi, akasoma wote watakaoenda kutolewa mtoto wa jicho, na Mutie Kyule akawa wa nne. Watu wakageuka kumwangalia. Wengine ni wateja, na fundi asiyeona hana tofauti na mpishi asiyeonja. Tulipofika nyumbani aliweka kofia mezani na kuniambia, "Umenitangaza kanisani kama ng'ombe aliyepotea." Baada ya hapo kimya. Mutindi, binti yetu mkubwa aliye na duka la dawa mjini Wote, alipiga simu kila jioni kuuliza kama baba ataenda. Nilimpa simu azungumze naye. Walizungumza habari za mvua.

Ijumaa Abukar akaleta pikapu. Mpira wa klachi, ule mwisho wa paipu unaoingia kwenye silinda ya chini, ulikuwa umepasuka. Kazi ndogo. Mutie akafunga mpira mpya na washa mpya, vile visahani vya shaba vyenye tundu vya kuzuia oili isivuje, tukatoa upepo, Abukar akaenda. Jumamosi akarudi, pedali imelala chini. Mutie akasema ni masta. Hakuniambia mimi, aliiambia jeki. Akafungua masta, akabadilisha raba, tukatoa upepo. Jumatatu Abukar akarudi tena. Mutie akaiambia spana kwamba sasa ni silinda ya chini, akaifungua, akabadilisha raba zake pia, akaifunga. Tukatoa upepo. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umevimba, na nina umri wa miaka hamsini na moja.

Jumanne asubuhi Abukar alirudi mara ya tatu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisimama kando ya benchi akizungusha ufunguo kidoleni.

"Mzee Mutie," akasema, "kesho alfajiri lazima niwe Nguni. Kuna watu wameleta mbuzi kutoka mbali, siwezi waacha hapo."

"Itakuwa imeisha," Mutie akasema.

"Saa kumi na moja jioni nakuja. Kama haijakubali, hii gari naipeleka kwa wale wengine. Usinichukie, mzee."

"Nikuchukie kwa nini?"

Abukar akanitazama, kisha akaangalia chini, akaenda zake. Nilimhurumia Mutie wakati huo, na papo hapo nilitaka kumpiga na pampu ya miguu. Vyote viwili kwa pamoja. Wanawake walioolewa miaka mingi watanielewa.

Tukaanza tena. Piga. Shika. Achia. Piga. Shika. Achia. Jua likahama kutoka bati la kwanza hadi la tatu. Sasa, mguu wangu haujasoma, lakini miaka ishirini na tisa ni mingi. Klachi ikiwa na upepo, unakanyaga kama godoro, inabonyea na kurudi. Hii haikuwa hivyo. Hii nikiipiga mara tano ilikuwa ngumu vizuri. Halafu nikishika, ilikuwa inashuka. Polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, lakini inashuka. Maana yake ni moja: oili inatoka mahali. Masta ina raba mpya. Silinda ya chini ina raba mpya. Kilichobaki ni pale mpira unapoungana na silinda.

"Inashuka nikishika," nikasema.

Kule chini spana ikaendelea kusugua chuma.

"Baba Mutindi. Nasema inashuka."

"Huu mguu wake umechoka," Mutie akaiambia spana.

Nikavumilia. Mungu ni shahidi, nilivumilia duru tatu zaidi. Halafu nikasikia akijiambia kule chini kwamba inabidi kwenda kutafuta masta nyingine nzima, hii ni mbovu. Nikaona jioni itafika hivyo, yeye akizunguka madukani akibadilisha kila kitu kwenye pikapu ya watu isipokuwa mahali penyewe.

"Piga," akasema.

Sikupiga.

"Piga."

"Sipigi."

Katika miaka ishirini na tisa sijawahi kusema neno hilo kwenye kiti kile. Nilisikia spana ikiwekwa chini. Kisha katoni anayolalia ikasuguana na mchanga, na Mutie akatoka, kichwa kwanza, mzee mwenye mvi na grisi kwenye ndevu, amekasirika, tayari kunitoa kwenye kiti. Akasimama mbele yangu. Na shavuni kwake, chini tu ya jicho la kulia, kulikuwa na maji yanayoteremka.

"Jasho linakuingia machoni," nikamwambia.

Akajipangusa kwa mgongo wa mkono. "Joto."

Likateremka tena, na likang'aa. Nikashuka kwenye gari. Nikachukua pembe ya leso yangu, nikampangusa, nikanusa. Ilikuwa oili ya breki. Kitu kile kinababua rangi ya gari, na kilikuwa kikimdondokea usoni kutoka kwenye ungio lililo shubiri moja juu ya pua yake, siku nzima, naye hakukiona. Hasira yote niliyokuwa nayo ikabaki pale pale lakini ikawa imechanganyika na hofu, na sikujua nianze na ipi.

"Hii si jasho," nikasema. Nikamwekea ile leso mkononi.

Alinusa. Akanusa tena. Safari hii hakukasirika.

"Nawa uso," nikamwambia. "Halafu panda juu wewe. Mimi naingia chini."

"Utaharibu nguo."

"Nguo ni zangu."

Kwa hivyo hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kamili aliyoniambia baada ya siku tisa, habari ya nguo. Nikajifunga leso mbili kiunoni, nikawasha tochi ya simu, nikalala kwenye katoni yake. Ilikuwa na joto lake. Juu yangu kulikuwa na giaboksi iliyojaa matope ya Ukasi, na silinda ya chini, na mpira mpya ukiingia pale. Mwisho wa ule mpira ni pete ya chuma, na boliti yenye tundu inapita katikati yake kuufunga kwenye silinda. Nikapangusa kila kitu kikauka.

"Piga," nikasema.

Kisha pedali ikalia. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Shika."

Nikaangalia. Kati ya ile pete na silinda, oili ikajikusanya ikawa tone, likaning'inia, likaniangukia kidevuni.

"Achia. Nipe spana ya kumi na nne."

Akanipitishia mkono chini ya mlango na spana ndani yake, ya kumi na nne, kwa kupapasa, bila kukosea. Nikafungua boliti. Nikaitoa yote pamoja na pete ya mpira, nikaileta kwenye tochi. Washa za shaba zinatakiwa kuwa mbili, moja juu ya pete na moja chini yake, pete ikae katikati. Hapa zote mbili zilikuwa juu, zimegandamana, nzuri, mpya. Chini ya pete hakukuwa na kitu. Chuma kwa chuma.

Nilikaa nazitazama. Nilifikiria siku tano, raba za masta, raba za silinda, mguu wangu, Abukar na ufunguo wake. Nilitaka kucheka na kicheko hakikutoka.

"Washa zako ziko upande mmoja," nikasema.

"Niliweka mbili," akasema kutoka juu. "Nilizihesabu."

"Umehesabu vizuri. Zote mbili ziko juu ya pete. Chini hakuna."

Sikuona uso wake, naye hakuona wangu. Kati yetu kulikuwa na sakafu ya gari. Nafikiri ndiyo maana aliweza kusema yaliyofuata.

"Zilitoka kwenye karatasi zimeshikana," akasema. "Nilifikiri nimezitenganisha." Kisha akauliza, "Mama Mutindi, na wakiharibu?"

"Nani?"

"Hao wa hospitali. Kivuva alirudi vile vile."

Kivuva ni jirani yetu. "Kivuva alitoa bandeji siku ya pili akaenda kupalilia ndengu," nikasema. "Vumbi lote la Kitui likaingia hapo. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Na wanafanya jicho moja kwanza."

"Nikipoteza hilo moja?"

Ningeweza kumwambia maneno mazuri. Lakini nilikuwa nimelala kwenye mchanga na oili kidevuni. "Sasa hivi unayo mawili," nikasema, "na hujaona washa."

Nikatafuta washa mpya kwenye kopo, nikaweka moja kwenye boliti, nikapitisha pete, nikaweka ya pili, nikashikilia kwa kidole isianguke, nikaanza kukaza.

"Usikaze kwa nguvu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazi sasa, ile ninayoijua. "Shaba ni laini. Kaza mpaka ikatae, halafu ongeza robo. Robo tu. Usipofika inavuja, ukipita unaikata."

Nikakaza mpaka ikakataa. Nikaongeza robo. Nikachukua spana ya nane ya kijiskrubu cha upepo.

"Piga. Shika." Nikafungua, upepo ukatoka ukilia. Kabla sijafunga, pedali ikarudi juu na kuvuta upepo wote ndani tena.

"Nani amekwambia uachie?"

"Mguu umeteleza."

"Miaka ishirini na tisa umeniambia nisiachie kabla ya kuambiwa, na wewe mara ya kwanza tu unaachia."

"Mguu umechoka," akasema, na nikasikia anacheka kidogo, ile sauti ya puani, na mimi nikacheka pia, kwa hasira.

Tulipiga duru kumi na mbili. Alikosea katika tatu. Mwisho ikatoka oili tupu. Nikafunga, nikapangusa ungio, nikamwambia ashike na asithubutu kuachia. Alishika dakika nzima. Niliangalia ile pete mpaka macho yangu yakaniuma. Ilibaki kavu.

"Inashuka?" nikamuuliza.

"Haishuki."

Abukar alikuja saa kumi na moja kamili. Nilikuwa nimeshanawa mikono, lakini mchanga ulikuwa mgongoni kote na hakuna aliyenipangusa. Aliwasha gari, akakanyaga, akaingiza gia ya kwanza, ya pili, akarudi nyuma, akaenda mpaka barabarani na kurudi. Gia hazikulia. Akazima akashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alitabasamu.

"Mzee Mutie," akasema, "wewe ni fundi, wallahi. Nilijua utaipata."

Nikamwangalia mume wangu. Nilikuwa tayari aitikie asante, na nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza, kwa sababu ni mteja wake na jina ni lake. Nisingemlaumu.

Mutie alikuwa akifuta spana kwa kitambaa. Akaifuta mpaka ikawa safi kuliko ilivyonunuliwa.

"Si mimi," akasema. "Ni huyu mama alikuwa chini. Kosa lilikuwa langu tangu Ijumaa. Nilifunga vibaya kwa sababu sioni, Abukar. Mimi sioni."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya muuza chai na waendesha bodaboda wawili waliokuwa wakingoja tairi. Siku tisa nilikuwa nikimsubiri alitamke hilo neno, na lilipokuja nilitamani mtu mwingine angelisema kwa niaba yake.

Abukar akazungusha ufunguo kidoleni. "Mzee," akasema, "Ijumaa ulinisalimia mara mbili. Mara ya pili uliniuliza kama nimemwona Abukar."

"Ulijua?"

"Mwaka mzima najua."

"Na gari unaleta tu."

"Sasa nipeleke wapi?" Abukar akasema, kana kwamba si yeye aliyetutisha asubuhi. Akapanda pikapu yake. "Nasikia basi la kanisa ni Alhamisi. Uende hospitali. Nikipata shida namtafuta mama."

Alhamisi tulikuwa kanisani saa kumi na mbili asubuhi. Mutie alivaa koti la harusi za watu na kukaa dirishani, ingawa sijui alitaka kuona nini. Wagonjwa walikuwa kumi na wanane. Basi lilipoondoka, dereva akaingiza gia ya pili na ikalia. Mutie akainua kichwa.

"Hiyo klachi ina upepo," akasema.

"Nyamaza."

"Nasema tu. Mtu aangalie ungio."

"Baba Mutindi, nyamaza."

Akanyamaza. Kisha akanishika mkono, kitu ambacho mwanamume wa umri wake hafanyi mbele ya watu wa kanisa. Alinishika hivyo mpaka tukapita Migwani, na sikumwambia aachie.